Sufuria ya Kungojea

Kalamu waliyompa haikuwa na wino. René Muamba aliikwaruza juu ya karatasi mara tatu, akaitikisa, akaikwaruza tena, mpaka karani Samy akachomoa nyingine mfukoni, uso wake umekunjamana kwa kucheleweshwa.

"Saini hapa chini, tata. Juu ya jina lako."

"Kwanza munisomee."

Samy akamtazama mkubwa wake. Chef Stanislas, mkuu wa kituo cha umeme, alikuwa ameketi chini ya mashine ya hewa baridi, koti limefungwa vifungo vyote. Nje ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, na vumbi jekundu la Kolwezi liliwakaa watu mpaka kwenye kope. Humo ndani mtu angeweza kupata mafua.

"Musomee," alisema Chef.

Samy akasoma Kifaransa mbio mbio, kisha akakifupisha kwa Kiswahili. Moto uliozuka Jumatatu katika nyumba ya mteja René Muamba, ukamuua mkewe Honorine Ntumba, umetokana na uzembe wa mteja mwenyewe. Hakuzima chombo chake wakati wa zamu ya kukatiwa umeme, ingawa tangazo lilimtaka azime.

"Tangazo yenu ilisema courant ya umeme itakuya mardi mangaribi," René alisema. "Ilikuya lundi asubuhi, siku moja mbele."

"Programme ni programme, tata. Courant ni courant."

"Sasa siye tutajua namna gani?"

"Munazima yote, munangoja. Iko ngumu wapi?" Chef aliinama mbele, sauti ikalainika, na afadhali angefoka. "Mi nakuhurumia, tata. Mama Honorine alikuwa muntu muzuri. Lakini tuko mu période ya matumizi makubwa. Mito imekauka, migodi iko nalia. Kila muntu afanye économie. Saini, upate karatasi ya kutoa maiti. Frigo ya morgue, kule maiti inalala, nayo inangoja délestage iishe, courant irudi, unajua."

René alijua. Alikuwa ametoka huko, ameunusa mlango.

Akasaini. R kubwa yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina zima, saini aliyofundishwa na mapadri akiwa kijana, na aliyojivunia maisha yake yote.

Asiyekaa Musonoi, mtaa wa René, atauliza: mtu mzima, fundi wa umeme, kibarua wa ofisi ileile miaka ishirini na sita, anaachaje réchaud, jiko la umeme, bila kuizima? Haya, na aulize. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kuandika ripoti kabla ya kuuliza.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa tangu mwezi wa nane. RAIA MWEMA, OKOA UMEME. ZIMA TAA, ZIMA PASI, ZIMA RÉCHAUD. Chini yake ratiba ya makundi, A, B na C, kila kundi na siku zake. Musonoi ilikuwa Kundi B. Ratiba ile ilifuatwa juma moja. Baada ya hapo umeme ukawa kama shemeji mlevi: anakuja saa anayotaka, anaondoka bila kuaga. Siku tatu kavu, halafu muda wa saa mbili tu, alfajiri, watu wamelala. Siku nne kavu, halafu dakika arobaini wakati wa misa.

Makaa nayo yalikwisha kuwa chakula cha wenye mshahara, maana miti imekatwa mpaka kule barabara ya Sandoa. Kwa hiyo kila nyumba ya cité, mitaa ya vibarua kama Musonoi, ilikuwa na sufuria ya kungojea. Unaosha maharage, unayatia maji mengi, unaiweka sufuria juu ya réchaud, unageuza kitufe mpaka mwisho, unakwenda zako. Umeme ukija, uko sokoni, uko kisimani, uko kwenye mazishi, maharage yanaanza yenyewe. Watoto wanapiga kelele njia nzima, "Courant! Courant!", na aliye karibu anakimbia kutazama. Ukizima kama tangazo linavyosema, saa yako inapita wewe huna habari, na jioni watoto wanatafuna njaa. Na wala haikuwa hatari. Umeme wa Musonoi ulikuwa mnyonge, taa zina rangi ya chai, sufuria moja inachukua saa nzima kuchemka. Tangu babu zao waletwe kutoka Kasai kuchimba shaba, hapakuwa na nyumba iliyoungua kwa maharage.

Jumatatu ile, tanuru kubwa la mgodini lilizimwa kwa matengenezo. Nusu siku tu. Umeme uliokosa wa kuula kule ukamwagiwa cité, mzima mzima, bila hodi. Honorine alikuwa na malaria, amemeza dawa, amelala usingizi mzito. René alikuwa foleni ya maji na bidon tatu za njano. Maji ya sufuria yakakauka, kitambaa cha nailoni cha mezani kikashika, kisha pazia, kisha godoro la sponji. Alipofika, bati lilikuwa linapasuka. Juu ya kichwa chake taa ya barabarani, ambayo haikuwaka tangu uchaguzi, ilikuwa imewaka mchana kweupe.

Honorine alizikwa, matanga yakakaliwa kwenye uwanja wa jirani, Mama Kapinga, maana pake René palikuwa na kuta tu. Mwanamume aliyefiwa na mke haruhusiwi kugusa kazi mpaka matanga yavuliwe. Anakaa mkekani, hanyoi ndevu, analetewa chakula. Mama Kapinga alimletea bukari na sombe, ugali na kisamvu, kila siku na kumkaripia kama mtoto.

"Kula, tata René. Honorine akiona unakonda hivi atasema mi njo nilikunyima."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hasira? Hasira haina vitamine."

Jioni binti wa Mama Kapinga, Rachelle, alikuwa akirudi kazini na mkate uliobaki. Alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa cheko la karibu, na kazi yake ilikuwa kupika na kufua nyumbani kwa Chef Stanislas, ng'ambo ya barabara ya malori. Alimwonea René huruma, akatafuta la kumchekesha.

"Kule kwa Chef, tata, courant haikatikaka. Hata dakika moja! Mi mwenyewe nilisahauka namna ya kuwasha mushumaa. Ile frigo iko naimba kutoka asubuhi mpaka naenda."

Mama Kapinga alicheka. René hakucheka. Friji ile ilivyoimba, aliyeitilia wimbo ni yeye.

Miaka sita nyuma, Jumapili moja, Chef alimwita pembeni. Nyumba ya Chef kwenye karatasi ilikuwa Kundi B, sawa na Musonoi nzima. Lakini nguzo ya kona ilibeba laini mbili: ya Kundi B, na ya kliniki, ambayo haikatwi hata mbingu zikianguka, kwa ajili ya wanaopasuliwa na watoto wanaozaliwa. "Tata René, we njo fundi wangu," Chef alisema siku ile. "Nitolee waya pale juu, unilete ku laini ya kliniki. Mwezi kesho unaingia mu contrat." René akapanda, akaunga. Mwezi kesho ukaja, ukapita, ikaja mingine sabini. Mkataba haukuonekana, na alipozeeka wakamwachisha kazi, wakisema vibarua wamekuwa wengi.

Sasa hasira ilimpanda mpaka akaisikia kwenye meno. Siyo huzuni, huzuni ilikuwa na siku zake. Hasira. Mkewe amekufa kwa umeme usiojulikana saa, na mtu aliyemfundisha kungoja hajapata kungoja hata dakika moja.

"Naye angoje," aliuambia mkeka, watu walipotawanyika. "Angoje kama siye. Nyama yake ioze, pompe yake ikauke. Na kama moto itakuya, ikuye!"

Alisema hivyo. Hatutamfunika kwa shuka.

Jumatano ya juma lililofuata, mchana, Kundi B ikiwa siku ya pili bila umeme, René alivaa kofia yake ya kazi, akatia koleo mfukoni, akaazima ngazi ya parokia akisema anataka kuokoa bati zilizobaki. Akavuka barabara ya malori. Nani atamuuliza mzee mwenye kofia ya plastiki juu ya ngazi, saa sita mchana, mtaa wa wakubwa? Mlinzi wa nyumba ya pili alimpungia mkono. "Kazi muzuri, papa!"

"Asante, mwana."

Kazi ilikuwa muzuri kweli. Aliichomoa waya ya Chef kwenye laini ya kliniki, akaiunga kwenye laini ya Kundi B, palepale ilipoandikwa kwenye karatasi za ofisi. Robo saa. Hakukata kitu, hakuiba kitu. Alimrudisha mtu kwenye kundi lake. Akiwa bado juu aliisikia friji ikinyamaza kwa kutetemeka, na sauti ya Madame ikiita ndani, "Ni nini tena? Ni nini?" Akashuka polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile akasikia njaa.

Alhamisi Samy mwenyewe alikuja kwenye matanga, viatu vyake vimejaa vumbi. Alichuchumaa karibu na mkeka akanong'ona.

"Tata, Chef anakuomba. Kule kwake courant imekatika. Équipe ya mafundi ya ofisi hawezi kuituma... unaelewa mwenyewe. Ile waya we njo unaijua."

"Waya gani?"

"Tata René..."

"Mi niko mu matanga, Samy. Mufiwa hagusi kazi mbele matanga haijavuliwa. Bakubwa wako hawakukufundisha?" Akamgeukia Mama Kapinga kwa sauti ya kusikika. "Mama, ongeza sombe kidogo."

Alikula sahani mbili. Jioni Rachelle akaleta habari motomoto. Madame analia, kuku wa friza wamechuruzika damu sakafuni, pompu haivuti maji, na jenereta hawana. "Juu ya nini wangenunua groupe? Courant haikatikaka! Sasa mi njo nachota maji ku kisima, bidon ku kichwa, kama hapa kwetu."

"Pole, mwana," René alisema, akafuta sahani kwa kidole. Ndani yake alikuwa akicheza ngoma. Neno la Rachelle la mwisho, kama hapa kwetu, lilimpita sikioni kama lori. Mwenye kisasi anamtazama adui wake tu, hana jicho la pembeni.

Ijumaa, saa nne asubuhi, tanuru la mgodini likazimwa tena.

René alikuwa kwenye kuta zake, akichambua misumari majivuni, aliposikia watoto. "Courant! Courant!" Taa ya barabarani ikawaka, nyeupe, kali. Mitaa yote ya cité wanawake walikimbia kuzivuta sufuria zao, maana tangu Honorine kila mtu alikuwa na hofu. Yeye hakuwa na sufuria. Alisimama tu, akatazama ng'ambo ya barabara ya malori, na baada ya kitambo akauona moshi.

Tuseme ukweli: alifurahi. Akakaa juu ya tofali, akasema, "Honorine, unaona?" Moshi ulikuwa mweusi, wa plastiki na sponji, anaujua, na uliinuka palepale alipotaka uinuke. Saini sasa, Chef. Kalamu hii hapa.

Ndipo Mama Kapinga akapita mbio, miguu mitupu, kitambaa kimemwanguka kichwani.

"Tata René! Mutoto wangu! Rachelle aliachaka kule sufuria ya kungojea, aliniambia!"

Yeye ndiye mpishi pale. Nani mwingine angeweka sufuria? Madame? Madame hakujua hata kitufe kiko upande gani. Kwenye nyumba ile yote ni mtu mmoja tu aliyejua jinsi watu wasio na umeme wanavyopika. Ni msichana wa Musonoi. Alifanya alivyofundishwa na mama yake: akaosha maharage, akageuza kitufe, akaenda kisimani. Na René, mwenye kujua kuliko wote, hakuwa amemfikiria hata kwa kope moja.

Jiko liliungua, na chumba cha kufulia. Watoto wa Chef walikuwa shule. Madame alikuwa uani akipiga kelele, "Télévision! Muchomoe télévision!" Rachelle, aliyefika mbio kutoka kisimani, aliingia kwa ajili ya televisheni, kisha akarudi kuivuta waya ya réchaud kwa mikono yake miwili. Hiyo mikono waliifunga kliniki, kwa umeme wa laini isiyokatwa.

Jumamosi René aliingia ofisini bila kubisha. Hewa baridi ileile. Rachelle alikuwa kwenye benchi, mikono yake mafungu mawili ya bendeji magotini, polisi mmoja kando yake, Mama Kapinga sakafuni. Samy alikuwa anamalizia kusoma.

"...uzembe wa mutumishi, ambaye hakuzima chombo wakati wa zamu ya kukatiwa..."

"Simama hapo," alisema René. "Huyu mutoto hana kosa. Ni miye."

Akalitoa koleo mfukoni, akaliweka mezani mbele ya Chef.

"Mercredi saa sita nilipanda ku nguzo ya kona. Nilikutoa ku laini ya kliniki, nikakutia ku Kundi B. Pasipo vile, courant isingekatika kwako, na huyu asingeweka sufuria. Andikeni. Nitasaini."

Mama Kapinga aliinua kichwa. Alimtazama René, yule aliyemlisha kwa mkono wake siku zote zile. René angependa apigwe. Rachelle alitazama bendeji zake.

Chef Stanislas hakushtuka. Alikuwa amekwisha kujua tangu Alhamisi, ilionekana usoni.

"Laini gani ya kliniki, tata?"

"Ile nilikuungia mi mwenyewe, dimanche, miaka sita."

"Samy. Soma kwa registre. Nyumba yangu iko mu kundi gani?"

Samy alifungua daftari, ingawa hakuwa na haja. "Kundi B, Chef."

"Tangu lini?"

"Tangu ijengwe, Chef."

"Unaona, tata? Mi niko Kundi B kama raia wote. Nateseka kama raia wote. Ile laini unasema haiko. Sasa kitu haiko, we unaweza kuikata namna gani?" Akamgeukia polisi, kwa upole uleule. "Mumusamehe. Alifiwa. Kichwa ya mufiwa inazunguka."

"Panda ku nguzo uone! Waya iko pale! Twende wote!"

"Hakuna muntu atapanda."

"Basi unifunge miye! Funga miye, muachilie mutoto wa watu!"

"Kukufunga juu ya nini?" alisema Chef, na kweli alikuwa anauliza. Kumfunga René kulihitaji karatasi, na karatasi hiyo ingehitaji waya, na waya ingehitaji mwenye nyumba. Akalisukuma koleo pole pole mpaka ukingo wa meza. Akainama, akasema kwa sauti ya kuwafikia wao wawili tu: "Chukua chombo chako. Matanga ikiisha, unarudisha ile kitu pale ilikuwa. Bibi yangu amechoka. Na ile mambo ya contrat, tutaizungumza."

"Na Rachelle?"

"Rachelle iko na karatasi yake."

Samy alikuwa amekwisha kuiweka karatasi juu ya goti la msichana. Aliitafutia kalamu, akatazama bendeji, akairudisha kalamu mfukoni. Akaleta kidau cha wino wa vidole. Akaugeuza mkono wa kulia, akautazama juu na chini: umefungwa mpaka kucha. Akauchukua wa kushoto. Rachelle akauma mdomo, machozi yakamtoka bila sauti. Polisi akainama kusaidia kutafuta.

"Hiki hapa kidogo kimebaki," alisema polisi.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Samy akakitia wino kwa uangalifu, asichafue bendeji.

René alikuwa amesimama juu yao, koleo limerudi mkononi mwake wala hakukumbuka kulichukua, na kutoka pale aliiona karatasi vizuri. Haikuwa mpya. Ili wasiandike upya, walikuwa wameitia ile aliyoisaini yeye kwenye mashine ya kutoa nakala, wakafunika majina na saini kwa kipande cha karatasi nyeupe, wakaandika mengine juu. Kipande hicho kilikuwa kifupi. Chini kabisa, mahali pa saini, mkia mrefu wa R yake ulikuwa umebaki.

Samy akakikandamiza kidole cha Rachelle juu ya mkia ule, akahesabu mpaka tatu, akakiinua.